Kabla ya kununua mwavuli na kamera: mambo ya kuzingatia kwa anayetaka kuruka Dodoma

Vijana wengi wanaotamani kuruka na mwavuli huanza kwa kuulizia kamera. GoPro ipi, lenzi ipi, laptop ya bei gani. Nawaelewa, kwa sababu video ndizo zilizowavuta. Lakini anayepanga kuruka katika anga ya Dodoma aanze na urefu wa ardhi anayotarajia kutua. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu mita 1,120. Ushauri mwingi wa manunuzi unaousoma mtandaoni umeandikwa na watu wanaoruka kwenye maeneo ya chini, na ukiuchukua mzimamzima utanunua mwavuli mdogo kuliko unaokufaa, utapanga picha kwa sekunde ambazo huna, na unaweza kubeba kifaa cha usalama kinachodhani bado uko Dar es Salaam.

Tuanze na mwavuli mkuu. Ukubwa wake hupimwa kwa futi za mraba. Unachukua uzito wako wote unapotoka mlangoni mwa ndege, pamoja na nguo na vifaa, unaugeuza kuwa ratili, kisha unaugawa kwa ukubwa wa mwavuli. Mtu wa kilo 75 akibeba vifaa vya kilo 12 anatoka na kilo 87, ambazo ni karibu ratili 192. Chini ya mwavuli wa futi za mraba 190, kila futi inabeba ratili moja hivi, na kwa anayeanza huo ndio ukomo ambao walimu wengi hawataki auvuke. Sasa weka hewa ya Dodoma kwenye hesabu hiyo. Mchana wa nyuzi 30, hewa ya hapa ina uzito wa karibu asilimia 83 tu ya kile kinachohesabiwa kuwa kawaida kwenye usawa wa bahari. Matokeo yake, mwavuli uleule, chini ya mtu yuleyule, unakwenda kwa kasi inayozidi kwa karibu asilimia 10. Unaiona kasi hiyo pale unapovuta breki, yaani zile kamba mbili za kuongozea na kupunguza mwendo, miguu ikikaribia kugusa ardhi, na ndipo vifundo vya miguu vinapovunjika. Kwa mtu huyo wa kilo 75, mimi ningemshauri 210, na akiwa bado na miruko michache, 230. Asione aibu. Mwavuli mkubwa humpa anayejifunza muda wa kurekebisha anapokosea.

Kuhusu kitambaa, miavuli mingi ya sasa ina kitambaa kisichopitisha hewa, na inadumu. Ile ya zamani yenye kitambaa kinachopitisha hewa kidogo huuzwa kwa bei ya kutupa, na ndiyo mtego wa mnunuzi wa mitumba. Ikishachoka, hata ukivuta breki kwa usahihi inakushusha kwa kishindo, na kwenye hewa nyepesi kishindo kinaongezeka. Ukinunua mtumba, na wengi tutanunua mtumba, usilipe kabla fundi wa miavuli mwenye leseni hajaufungua wote, akanyoosha kila kamba na kusoma lebo ya mwaka uliotengenezwa. Muulize pia kuhusu mwavuli wa akiba: umekunjwa lini, na nani, na kadi yake iko wapi. Marekani sheria inataka ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya kila baada ya siku 180. Hata pasipokuwa na mtu wa kukukagua, jiwekee muda huo. Na usikubali mwavuli wa akiba mdogo mno eti kwa sababu hautumiki mara kwa mara. Siku utakapoutumia huenda umeumia, au unatua mahali usipopachagua.

Kuna sehemu moja ambayo ningependa kila mnunuzi aishike kwa mkono wake kabla ya kutoa hela. Kwenye mabega, mikanda inayobeba mwavuli mkuu imefungwa kwa pete tatu za chuma, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Bill Booth miaka ya 1970. Pete kubwa iko kwenye hanesi, yaani mikanda unayojifunga mwilini, ya kati inapita ndani yake, ndogo inapita ndani ya ile ya kati, na juu yake kuna kitanzi chembamba cha uzi kinachozuiwa na waya uliovikwa plastiki, mara nyingi wa njano. Kila pete inapunguza mvuto unaofika kwa inayofuata, hadi mzigo wa mtu mzima unakuwa mdogo sana pale kwenye kitanzi. Mwavuli ukifunguka vibaya unavuta mshikio, waya unachomoka, pete zinaachiana kwa mfuatano, na mwavuli mbovu unaondoka ili wa akiba upate nafasi. Vumbi la Dodoma ni laini kama unga na linaingia huko kote. Mkanda unakakamaa ukichukua umbo la pete, waya unashika uchafu, na siku ya dharura unakuta mvuto umekuwa mzito. Angalau mara moja kwa mwezi zifungue hizo pete, kunjakunja mkanda mpaka ulainike, na ufute waya kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza. Muuzaji asiyejua hata namna ya kuzirudisha pete hizo, achana naye.

Halafu kuna kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe endapo umezimia au umepoteza hesabu ya mita. Maarufu zaidi ni CYPRES, kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Airtec ya Ujerumani mwaka 1991. Kinasoma mgandamizo wa hewa, na toleo la warukaji wazoefu hufanya kazi ukiwa kwenye mita 225 hivi juu ya ardhi huku bado unaanguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Ila neno ardhi hapo lina maana ya mahali ulipokiwashia. Ukikiwasha alfajiri Dar es Salaam, ukapanda treni ya SGR na kuruka Dodoma mchana bila kukizima na kukiwasha upya, usikitegemee, maana hesabu yake inaweza kuwa inaisubiri ardhi iliyo zaidi ya kilomita moja chini ya miguu yako. Kwa hiyo kizime kabla ya safari, na ukiwashe ukiwa umesimama uwanjani utakaporukia. Ukitoka uwanjani kwa gari kwenda kula mjini na kurudi, kiwashe upya. Altimita ya mkononi, yaani kipimo cha urefu, nayo ipeleke sifuri ukiwa palepale.

Urefu wa ardhi unaleta pia kutoelewana na rubani. Yeye anasema futi 13,000 akimaanisha kutoka baharini. Wewe uliyezoea viwanja vya pwani, kwa mfano Diani kule Kenya, unasikia futi 13,000 za kuanguka. Ukweli ni kwamba juu ya Dodoma zimebaki futi 9,300 tu. Ukifungua mwavuli kwenye futi 4,000, badala ya sekunde 54 hivi za kuanguka utakuwa na sekunde 34 au 35. Mpiga video aliyepanga kumzunguka mwenzake, amkaribie uso kwa uso, kisha aachane naye na kupata picha ya mwavuli ukifunguka, hana muda huo. Na ukitaka kupanda zaidi ili kufidia, linaingia suala la oksijeni: sheria ya Marekani inataka kila aliyemo ndani ya ndege apatiwe oksijeni ya ziada juu ya futi 15,000 kutoka usawa wa bahari, na kuruka kutoka mita 4,000 juu ya Dodoma kunakupeleka karibu futi 16,800. Malizeni mazungumzo hayo na rubani chini, kwa namba zilizoandikwa kwenye karatasi, kabla injini haijawashwa.

Pa kutua nipazungumzie kwa undani, kwani hapo vitabu vya wageni havisaidii. Mbigili hutoboa kitambaa na kung'ang'ania kamba, hivyo nunua turubai kubwa la kukunjia mwavuli na usiukunje juu ya udongo hata kwa dakika tano. Jua nalo hulegeza nailoni taratibu, basi kunjia kivulini. Mashamba ya zabibu ya Hombolo au Mpunguzi yanavutia ukiyaona kutoka juu, lakini mengi yana nguzo na nyaya zilizotandazwa mstari kwa mstari. Reli ya SGR ina waya wa umeme wa volti 25,000 juu yake. Mibuyu na mawe makubwa vinapindisha upepo nyuma yake. Na kiangazi, jua likishapanda, vinazuka visulisuli vya vumbi ambavyo vinaweza kuukunja mwavuli ukiwa mita chache kutoka chini. Mtu anayejifunza Marekani haruhusiwi kuruka upepo ukizidi maili 14 kwa saa, kama kilomita 22, na kiangazi cha Dodoma huvuka kiwango hicho bila shida. Ruka asubuhi mapema. Saa nne ikikukuta chini huku vumbi limeanza kuzunguka, funga mizigo.

Kibali ni jambo la kuanza nalo miezi kabla. Taratibu za kimataifa za anga haziruhusu mtu kuruka na mwavuli, isipokuwa kwa dharura, nje ya masharti ya mamlaka husika, na kwetu hiyo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Dodoma ni makao makuu ya nchi. Kuna Bunge, kuna Ikulu ya Chamwino, kuna maeneo ya jeshi. Ndege yenyewe lazima iwe imeidhinishwa kuruka bila mlango au kwa mlango wa kufunguka angani. Ukipanga kupiga picha kwa drone kutoka chini, hiyo nayo inahitaji usajili na kibali chake, na isirushwe kabisa wakati watu wako kwenye miavuli.

Kamera sasa. Chama cha warukaji cha Marekani kinashauri mtu awe na leseni ya daraja la C, ambayo inataka angalau miruko 200, kabla hajabeba kamera yoyote, hata ile ndogo ya kiganjani. Wapo wanaoona ushauri huo umepitwa na wakati kwa kuwa kamera zimekuwa ndogo. Siwaungi mkono. Uzito ni sehemu ya tatizo, ila kubwa ni akili kuhama. Mwaka 1988, huko North Carolina, mpiga video aliyekuwa na miruko zaidi ya 800 alitoka ndani ya ndege akiwarekodi wenzake, akiwa amebeba vifaa vyake vya video, bila kuvaa mwavuli. Kamera ilirekodi mpaka mwisho. Kama bado hujafikisha miruko hiyo 200 na unataka kumbukumbu, ruka sanjari, yaani ukiwa umefungwa pamoja na mwalimu chini ya mwavuli mmoja, na mwalimu huyo awe amefunga kamera kwenye kifundo cha mkono wake, na simu yako uiache chini.

Ukishafikisha miruko hiyo, nunua kofia kabla ya kamera. Itafute yenye uso laini, isiyo na ncha wala mkono uliochomoza, kwa sababu kamba ya mwavuli ikinasa kwenye kamera inakuvuta shingo. Lazima iwe na kifungo cha kuiachia kofia nzima kwa mkono mmoja, na ujizoeze kukivuta macho yakiwa yamefumba, mkono wa kulia na wa kushoto. Vile vishikio vya kubandika vinavyokuja na kamera vimechomoza, na kofia ya pikipiki au ya baiskeli haifai hata kidogo. Kamera ya gramu 150 inatosha kwa miaka yako ya mwanzo. Kamera kubwa yenye lenzi ya kubadilisha inakaribia kilo moja, na mwavuli ukifunguka kwa nguvu, shingo inabeba mara kadhaa ya hapo.

Mipangilio ifanyie chini, kisha usiiguse tena. Rekodi 4K kwa fremu 60 kwa sekunde ili uweze kupunguza mwendo kwa nusu wakati wa kuhariri. Funga kipimo cha rangi nyeupe (white balance), vinginevyo udongo mwekundu na anga vitabadilishana rangi kila unapogeuza kichwa. Memori kadi iwe ya alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika video, au zaidi. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja inakula megabaiti 750. Mruko wa kurekodi dakika 10 ni gigabaiti 7.5, hivyo kadi ya gigabaiti 64 inatosha miruko kama minane. Nunua kadi mbili halisi kwa muuzaji unayemwamini badala ya tano za bei rahisi barabarani.

Upande wa kuhariri usikutie presha. Laptop yenye RAM ya gigabaiti 16 na diski ya nje ya SSD inafanya kazi nzuri, na programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatoa video ya 4K bila alama ya maji. Kompyuta ikikwama, tengeneza nakala nyepesi za video ndani ya programu, uhariri kwa hizo, kisha utoe kwa zile asili. Sauti ya kuanguka ni upepo mtupu. Bakiza vicheko vya ndani ya ndege na maneno ya kwanza ya mtu akishatua, hapo ndipo video inapopata uhai. Ukitaka kuweka Bongo Fleva kwenye kazi ya kulipwa, pata ruhusa ya mwenye wimbo. Umeme hukatika, kwa hiyo hamisha faili mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye diski, na usifute kadi mpaka umefungua nakala zote mbili na kuzitazama. Mteja anayetaka video yake kwa WhatsApp mtumie kama dokumenti ili isipoteze ubora, na kabla ya kuirusha mitandaoni pata kibali chake kwa maandishi. Karatasi hiyo asaini asubuhi, kabla hajavaa hanesi.