Kula kwenye bistro Paris bila kushtukia nyama yenye damu

Wageni wanaofikia kwangu Paris huuliza yale yale kila mara kuhusu kula kwenye bistro, yaani mgahawa mdogo wa Kifaransa, basi nayaandika.

1. Saa. Mchana majiko mengi hufungwa kama saa nane, na jioni hufunguliwa saa moja au moja na nusu. Ukiingia saa kumi na njaa yako, utaishia kunywa kahawa. Ukikwama muda huo nenda Bouillon Chartier, mtaa wa Faubourg Montmartre: ipo tangu 1896, haifungi jiko katikati, bei zake ni nafuu, na mhudumu huandika oda juu ya karatasi iliyotandikwa mezani.

2. Salamu. "Bonjour" kwanza, shida yako baadaye. Usijikalie tu, subiri uonyeshwe meza.

3. Maji. Taja "une carafe d'eau". Hayo ni ya bomba na ni bure, kama mkate. Ukisema maji tu, huenda ikaja chupa ya kulipia.

4. Kuagiza. Hapa ndipo kazi ilipo. Mchana chukua "formule" iliyoandikwa ubaoni, sahani mbili kwa bei moja.

Steki huulizwa iive vipi. "Bleu" imeonjeshwa moto tu, "saignant" ina damu, "à point" bado ni nyekundu katikati. Sisi wa nyama choma tukiikata hiyo "à point", maji mekundu yanachuruzika hadi kwenye chipsi. Sema "bien cuit", yaani iive kabisa, hata mhudumu akikunja uso. Ila steki ikiiva hivyo mara nyingi hukauka, utatafuna mpaka taya ziume. Ndiyo maana mimi steki siagizi, wala simshauri mtu. Agiza "confit de canard": paja la bata lililopikwa taratibu ndani ya mafuta yake, ngozi kavu, nyama inaachia mfupa yenyewe. Au "blanquette de veau", ndama kwenye mchuzi mweupe.

"Tartare" ni nyama mbichi. Usiirudishe jikoni ukidai haijaiva, ndivyo inavyoliwa.

Kwa asiyekula nguruwe: "lardons" ni vipande vya nguruwe, na hujificha kwenye saladi, kwenye "quiche lorraine" (pai ya mayai), hata ndani ya "bœuf bourguignon" (mchuzi wa nyama ya ng'ombe), ambayo juu ya hayo imepikwa kwa mvinyo. "Andouillette" ni soseji ya utumbo, harufu yake hutangulia sahani. Uliza "Il y a du porc? Du vin?" (kuna nguruwe? mvinyo?) bila haya. Salama zaidi ni samaki, "sole meunière", anayepakwa unga, akakaangwa kwa siagi na kukamuliwa limau. Kome wa "marinière" wana mvinyo mweupe.

5. Bili. Haiji mpaka uiombe: "L'addition, s'il vous plaît." Malipo ya huduma yamo ndani ya bei tayari. Bahashishi ni hiari; ukiridhika, acha euro moja au mbili mezani.