Karakana ndogo ya kuchapa fulana Mwanza: hesabu, advansi, sampuli na msimu wa Mei Mosi

Karakana nyingi za kuchapa fulana hazifi kwa kukosa wateja. Hufa zikiwa na oda mkononi. Fundi amepokea nusu ya pesa, akaongezea za kwake kununulia fulana, mteja akachelewa kuja kuchukua mzigo, na oda nyingine inabisha hodi wakati mtaji wote umelala kwenye rafu ukiwa na jina la shule ya watu kifuani. Maelezo haya ni kwa anayechapa kwa skrini (fremu yenye wavu unaopitisha wino), rangi moja au mbili, ndani ya chumba kimoja Igoma, Kirumba au Nyegezi, bila mashine kubwa.

Nusu haitoshi

Chukua oda ya fulana 50, rangi moja, kifuani tu. Bei za hapa ni za mfano, kwa shilingi. Wewe weka ulizozikuta dukani siku hiyo. Fulana nunua 52, kwa sababu moja au mbili zitaharibika hata ukiwa makini: kwa 6,500 kila moja ni 338,000. Wino 25,000. Kuandaa skrini, yaani emalsheni (dawa ya kupaka kwenye wavu, inayoganda ikipigwa mwanga), karatasi ya treisi ya mchoro na dawa ya kusafishia, 15,000. Usafiri wa kwenda mjini na kurudi na mzigo 8,000.

Sasa muda wako, ambao wengi huuacha nje ya hesabu. Kuandaa skrini saa 2, kuchapa saa 3, kuivisha wino kwa pasi dakika 3 kwa kila fulana ni saa 2 na nusu, kukagua na kukunja nusu saa, na mazungumzo na mteja pamoja na safari ya dukani saa 2. Jumla saa 10. Ukijilipa 3,000 kwa saa, ni 30,000. Mwisho gharama za chumba: jumlisha pango, umeme na bando la mwezi, gawa kwa siku 26 za kazi. Tuseme ni 5,000 kwa siku, na oda hii inakula siku mbili, 10,000.

Jumla ni 426,000. Ongeza asilimia 20 ya faida unapata 511,200, ambayo kwa fulana 50 ni kama 10,224. Mtajie mteja 10,500.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa fulana 10 uone. Fulana 11 ni 71,500, wino 5,000, skrini bado 15,000, usafiri bado 8,000, kazi saa 5 na nusu ni 16,500, chumba siku moja 5,000. Jumla 121,000, ukiongeza asilimia 20 inakuwa 145,200, yaani zaidi ya 14,500 kwa kila fulana. Skrini inataka jasho lilelile, uchape kumi au mia. Anayetoza bei moja kwa oda zote anawalipia wateja wadogo bila kujua, kisha anashangaa kwa nini anafanya kazi mpaka usiku na hakuna kinachobaki.

Rudi kwenye ile oda ya 50. Thamani yake kwa 10,500 ni 525,000. Mteja atasema, "Fundi, shika nusu, nyingine nikija kuchukua." Nusu ni 262,500. Fulana tupu zenyewe ni 338,000. Umeshamkopesha kabla hujagusa wino. Fulana, wino na skrini kwa pamoja ni 378,000, sawa na asilimia 72 ya bei. Kwa hiyo advansi ya kazi hii ni asilimia 70 hadi 75, na kinachobaki kilipwe kabla mzigo haujatoka mlangoni. Usiiombe kwa kuona haya. Sema wazi: "Advansi ndiyo inayonunua fulana zako. Ikiingia leo, kesho asubuhi nakwenda kununua." Watu wengi huelewa wakijua pesa inakwenda wapi; wanachokataa ni asilimia isiyo na maelezo.

Ndugu na marafiki ni jaribio gumu zaidi, na hapa ndipo karakana nyingi changa huvuja kimyakimya. Mama mdogo anataka fulana 20 za kitchen party, na kumtajia bei kamili unaona kama kumkosea heshima. Njia iliyo salama ni kutoa kilicho chako: "Shikamoo mama. Kazi ya mikono yangu nakupa zawadi, tununue fulana na wino tu." Unasamehe ujira na faida, vitu unavyoweza kuvirudisha kwa kukesha siku moja. Usisamehe malighafi kamwe, kwa sababu pesa hiyo ni advansi ya mtu mwingine.

Sampuli kabla ya wino

Chapa fulana moja kutoka kwenye fungu lilelile ulilonunua, mpe mteja aishike, na subiri ujumbe wa maandishi unaosema amekubali. Picha ya simu haitoshi kwa rangi, kwa kuwa kila kioo kinaonyesha bluu yake. Makosa ya herufi mfanye mteja ayakamate mwenyewe: msomee kila neno kwa sauti, tarehe na majina ya watu hasa, au mwambie akusomee yeye. Jicho lililozoea mchoro haliioni herufi iliyoruka.

Sampuli inakuonyesha pia kitambaa ni cha aina gani. Fulana za pamba hupokea vizuri wino wa maji. Za poliesta, hasa nyekundu, zina tabia mbaya: joto la kuivisha linayeyusha rangi ya kitambaa, inapanda juu ya wino mweupe, na maandishi yanageuka waridi, wakati mwingine siku moja baadaye mzigo ukiwa umeshafika kwa mteja. Ukiletewa nyekundu ya poliesta yenye maandishi meupe, iache sampuli ilale usiku mzima kabla ya kuahidi chochote.

Kisha ifue. Wino unaobanduka au kupauka baada ya kufuliwa mara mbili, mara nyingi haukuiva. Wino wa maji unaweza kuivishwa kwa pasi iliyowekwa kwenye joto la pamba, juu ya karatasi safi, ukiisogeza bila kusimama kwa dakika 3. Wino wa plastisoli, ule wa plastiki usiokauka bila joto, ni tofauti: unahitaji kufika nyuzijoto 160 hivi za Selsiasi kwa unene wake wote, na pasi ya nyumbani huwezi kuitegemea kwa hilo. Kama huna mashine ya kubana kwa joto, baki kwenye wino wa maji. Umeme ukikatika katikati ya oda, pasi ya mkaa inafanya kazi, ila weka kitambaa cha ziada juu ya karatasi, kwani cheche moja inatosha kuharibu fulana.

Kuhusu skrini, maneno machache. Meshi ni ule wavu, na namba yake ni idadi ya nyuzi kwa sentimita. Meshi ya 43T inatosha kwa herufi za kawaida kwenye kitambaa. 77T ni kwa mistari myembamba. Ukiipiga skrini mwanga wa jua ili emalsheni igande, usikisie muda: funika skrini ya majaribio kwa kipande cha boksi, ukivute kidogo kila baada ya sekunde 30, uoshe, uone ni mstari upi ulioshika bila kufunga herufi. Jua la saa sita mchana na la saa tisa si jua moja, kwa hiyo andika saa ya jaribio ukutani na uishike hiyo. Wino wa maji hukaukia kwenye meshi mchana wa joto. Weka chupa ya kunyunyizia maji karibu, na usiende kula ukiwa umeacha skrini na wino ndani.

Mei Mosi huja na mvua

Kilele cha mwaka kwa wachapaji wa Mwanza ni wiki ya mwisho ya Aprili, ofisi zinapotaka fulana za maandamano ya tarehe 1 Mei. Ni katikati ya masika pia. Nguo hazikauki kwenye kamba, emalsheni inanyonya unyevu na kubaki laini, na fulana nyeupe za saizi L na XL zinaisha kwenye maduka ya jumla kisha inabidi zisubiriwe kutoka Dar. Nunua saizi hizo mwezi Machi kwa faida uliyotunza, si kwa mkopo. Hesabu unachapa fulana ngapi kwa siku ukiwa umelala usiku, zidisha kwa siku zilizobaki, na oda zikifika hapo zifunge. Mchapaji aliyekesha siku ya tatu hupindisha fremu, na fulana 30 zenye maandishi yaliyolala upande zinakula faida ya wiki nzima.

Juni hadi Agosti hali ni nyepesi: kiangazi, harusi, ngoma za Kisukuma za Bulabo kule Bujora, kisha Nane Nane viwanja vya Nyamhongolo. Huu ndio wakati wa kuchapa michoro yako mwenyewe, Jiwe la Bismarck, dagaa, mitumbwi, na kuiuza kwa wageni. Anza na fulana 12 kwa mchoro mmoja. Nembo za klabu za mpira na kampuni usiziguse bila ruhusa ya maandishi, hata mteja akisema kila mtu anafanya.

Januari ni kavu. Ada za shule zimemaliza kila mfuko. Tenga sehemu ya kumi ya kila malipo kwenye laini ya simu usiyoitumia kwa matumizi ya nyumbani, ilipe pango la mwezi huo. Daftari la mauzo nalo liandikwe kila jioni. Mamlaka ya Mapato humkadiria mfanyabiashara mdogo kulingana na mauzo, na asiye na kumbukumbu hukosa namna ya kuonyesha kwamba miezi mitatu alikuwa hana kazi. Daftari hilo litakufaa pia mkiunda kikundi na kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Maji ya kuoshea skrini usiyamwage kwenye mtaro; mitaro mingi ya mjini inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Kwangua wino kwanza urudi kopoini, osha ndani ya beseni, acha maji yatulie usiku, chuja tope kwa kitambaa na ulitupe likiwa limekauka.

Mzigo ukikamilika, piga picha ya fulana zote zikiwa zimekunjwa, umtumie mteja pamoja na salio na siku ya mwisho ya kuchukua. Andika siku hiyo kwenye risiti ya advansi tangu mwanzo, pamoja na ada ndogo ya kutunza mzigo kila wiki inayozidi.