Kupanga mirathi ukiwa hai: anza na majina, wosia baadaye

Ukiuliza, utaambiwa anza na wosia. Usianze huko. Tumetoka kumpangia baba mambo yake hapa Dar es Salaam, mwenyewe akiwa mzima wa afya, na wosia ndio uliokuwa rahisi. Kilichotula nauli ni majina.

Toa karatasi zote: kitambulisho cha NIDA, hati ya nyumba au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, kadi ya gari, benki, NSSF, SACCOS, cheti cha ndoa. Soma jina tu, herufi kwa herufi. Tuseme NIDA ni Saidi Juma Mbarouk, kwenye kiwanja ni Said J. Mbaruku, kazini alikostaafu ni Saidi Juma basi. Mtaani hakuna anayejali. Benki wanajali. Katika benki moja, dada wa dirishani alimwamkia mzee shikamoo kwa heshima zote, akatazama kitambulisho, kisha akasema hawezi kumtambua. Mzee anaweka pesa pale tangu dada huyo hajazaliwa.

Dawa ni hati ya kiapo: mzee anaapa mbele ya wakili kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Yaandikeni yote kwenye kiapo kimoja, pamoja na namba ya NIDA, ya hati na ya akaunti. Msikubali kuandikiwa kiapo cha kila ofisi, maana kila muhuri una bei yake. Ila tokeni na nakala kadhaa zenye muhuri halisi. Kila karani anataka kubaki nayo. Kuna ofisi hazitosheki na kiapo, zinadai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Uliza kabla hujamlipa wakili, sio baada.

Hili lifanyike mapema kwa sababu leo mzee anaapa mwenyewe. Akishafariki ni watoto mnaomwapia, na hapo ndipo shemeji fulani huibuka mahakamani kusema Mbaruku alikuwa mtu mwingine. Waambie pia ndugu kwamba cheti cha kifo kifuate jina la NIDA. Hospitali huandika jina alilotaja aliyemleta mgonjwa, naye huenda alisema "Babu Saidi".

Mkiwa SACCOS, ombeni kuona fomu ya mrithi. Wengi walimwandika kaka yao enzi za ukapera, wakaoa, wakazaa, fomu ikabaki vilevile. Kurekebisha ni kujaza fomu nyingine tu.

Sasa wosia. Kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wa maandishi uwe kwa wino usiofutika, wenye tarehe, unaosema mwandikaji ana akili timamu, na usainiwe mashahidi wote wakiwepo kwa wakati mmoja. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua, wanne, wawili kwa wawili, na anaweka dole gumba. Mke naye ashuhudie. Mbali na mke, anayerithi asiwe shahidi, na hapa ndipo familia huteleza, maana mtoto anayeaminika ndiye huyo huyo anayeitwa kusaini. Ukimnyima mtoto urithi, andika sababu. Zinazokubalika ni chache, na "hanipigii simu" haimo.

Muislamu ana uhuru wa kuusia theluthi tu, tena kwa asiye mrithi. Iliyobaki inafuata mafungu ya warithi yaliyowekwa na sheria ya Kiislamu. Na nyumba mliyojenga wawili, usiiusie yote kana kwamba mwenzako alikuwa mpangaji.

Andika pia unaishi kwa sheria ipi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu; Mkristo ambaye haijulikani kama aliishi kimila, shauri lake linaweza kupingwa kuwa limefunguliwa pasipohusika, mkaanza upya.

Msimamizi wa mirathi mtaje kwa jina lake kamili, na achaguliwe mwenye muda, sio mwenye cheo. Akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, kisha hesabu, fomu namba 6. Madeni yaandike wewe leo, hata ya kikoba, kwa sababu wadai hawakosi msibani. Ajiandae pia kuulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Sheria haiulazimishi, karani anaulizia tu.

Kutunza: RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea wosia na kuuhifadhi kwa siri kwa ada, unaweza pia kuuacha kwa wakili au benki. Wahi asubuhi, popote uendapo, kabla mtandao haujaanza kusumbua. Msimamizi umpe nakala ya risiti, sio ya wosia. Siku ukiandika mwingine, sema ndani yake kuwa ule wa tarehe fulani umefutwa, na uupeleke pale pale ulipo wa kwanza.