Mbuzi kazaa, kiwele kimevimba: shika kwanza kabla hujachoma sindano

Wafugaji wengi wa mbuzi wa maziwa pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kibamba na Madale mpaka Chanika na Kigamboni, wakiona kiwele kimetuna siku ya pili baada ya mbuzi kuzaa hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakanunua OTC (antibayotiki ya oxytetracycline) na kuchoma. Uvimbe ukipungua wanaisifu dawa, hata kama ungepungua wenyewe. Usipopungua wanaongeza sindano nyingine, na mbuzi anazidi kuharibika huku siku za kumwokoa zikipita. Kiwele kinachovimba baada ya kuzaa kina sababu kadhaa, na kila moja ina matunzo yake. Cha kwanza cha kuzitofautisha ni mkono wako.

Kiwele cha mbuzi kina pande mbili, kila upande na chuchu yake, na maziwa ya upande mmoja hayaingii upande wa pili. Kwa hiyo kila mbuzi anatembea na kipimo chake: upande mzima unakuonyesha hali ya upande mgonjwa. Osha mikono, chuchumaa nyuma yake, shika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upi una moto zaidi? Upi mgumu? Anashtuka ukigusa wapi? Kisha kamua michirizi miwili mitatu kutoka kila chuchu kwenye kikombe cheusi, au juu ya kitambaa cheusi ulichokifunga mdomoni mwa bakuli, uangalie kama kuna vibonge, majimaji au damu. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, yenyewe ni nzito na ya manjano, isikutishe. Hata rangi ya waridi kidogo siku za mwanzo mara nyingi ni vimishipa vidogo vilivyopasuka kwa kiwele kujaa haraka, mradi kiwele hakina moto wala vibonge na mbuzi anakula.

Tuanze na uvimbe wa maji, ambao ndio unaowapotezea watu fedha ya dawa bure. Huwapata sana mbuzi wanaozaa mara ya kwanza na wale waliolishwa pumba nyingi na chumvi nyingi mwishoni mwa mimba. Pande zote mbili huvimba karibu sawa, ngozi inang'aa, na ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki, kama ulivyobonyeza unga wa chapati uliokandwa. Moto hakuna, maziwa ni mazuri, mbuzi anakula. Huyu hahitaji antibayotiki. Mkamue kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, mkande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, msugue taratibu kutoka chini kwenda juu, mtoe atembee, punguza pumba na chumvi. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache hadi wiki moja hivi.

Ugonjwa wa kiwele ni jambo jingine. Mara nyingi hushika upande mmoja: unakuwa mgumu, una moto, mwekundu, na mbuzi hataki kuguswa wala kunyonyesha. Mtazame akitembea. Anatupa mguu wa nyuma nje ili usisugue kiwele, na mfugaji hudhani mguu ndio unaouma. Maziwa yanatoka na vibonge, au majimaji yenye rangi ya maji ya mchele. Pima joto la mwili asubuhi kabla jua la Dar halijapanda. Mbuzi mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.7. Ukiona dalili hizi, mwite daktari wa mifugo. Ukimsubiri, endelea kuukamua upande huo kila saa mbili tatu, maana kila mkamuo unatoa vijidudu na sumu zao. Maziwa hayo yafukie shimoni. Usiyamwage chini ya banda, usimpe kitoto wala mbwa.

Kuna hali moja ambayo haisubiri kesho. Kiwele kilichokuwa na moto asubuhi, jioni unakishika ni cha baridi, ngozi imegeuka zambarau au bluu iliyoiva, na chuchu inatoa maji mekundu. Mfugaji akishika akakuta moto umeisha hufurahi, na hilo linaniumiza sana kila ninapolisikia, kwa sababu ubaridi huo ni nyama inayokufa. Bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus ndiye msababishi mkubwa, na mbuzi anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpigie daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Akipona, upande ule mara nyingi humeguka na kudondoka, na kidonda chake kinahitaji kusafishwa na kulindwa na nzi kwa wiki nyingi.

Tena kuna kiwele kinachotoka na uzazi kikiwa kigumu pande zote mbili, bila moto, bila maumivu, na maziwa machache yenye sura ya kawaida. Kwa mbuzi wenye damu ya Ulaya, kama Saanen na Toggenburg, fikiria virusi vya CAE, vinavyoshambulia viungo, ubongo na kiwele cha mbuzi. Hakuna dawa yake, na vinapita kwa vitoto kupitia dang'a na maziwa. Mwambie daktari achukue damu ipimwe kabla hujawaacha vitoto wanyonye.

Kitoto hakiwezi kusubiri mama apone. Kinahitaji dang'a ndani ya saa ya kwanza au ya pili, na kwa siku nzima kama asilimia 10 ya uzito wake: cha kilo 3 kipate mililita 300 hivi, kwa awamu kadhaa. Mama akiwa mgonjwa, tafuta kwa mbuzi mwingine mzima. Mwenye friji agandishe dang'a kwenye chupa ndogo mapema, aiyeyushe kwa maji ya uvuguvugu. Ukiichemsha unaua kinga iliyomo. Na kitoto kikiwa kimoja, mara nyingi huchagua chuchu moja na kuizoea. Ile nyingine inajaa, inauma, inaingia vijidudu. Ikamue wewe.

Hewa ya Dar, hasa wakati wa masika, inavipenda vijidudu hivi. Maranda ya mbao yaliyolowa mkojo ni makazi yao, na mbuzi aliyetoka kukamuliwa akilala hapo tundu la chuchu bado liko wazi. Mpe majani baada ya kukamua ili asimame nusu saa hadi saa nzima. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi za kama sentimita 1.5 za kupitisha kinyesi, inasaidia sana, ila pitisha kiganja juu yake utafute misumari. Na maji yakiwa ya mgao, usiwaoshe mbuzi wote kwa ndoo moja na kitambaa kimoja: heri kufuta kwa kitambaa kikavu, kila mbuzi na chake. Kopo la mafuta ya kukamulia nalo linasambaza ugonjwa likichovywa vidole vilivyotoka kwenye chuchu mgonjwa. Mgonjwa akamuliwe wa mwisho.

Kuhusu dawa: sampuli ya maziwa ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza. Futa ncha ya chuchu kwa spiriti, mwaga michirizi ya mwanzo, kamulia kwenye chupa safi isiyo na vijidudu, iweke kwenye barafu na uipeleke maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) pale Temeke, wapime ni dawa ipi inayoua kijidudu hicho. Tyubu za kuingiza kwenye chuchu nyingi zimetengenezwa kwa ng'ombe, hivyo siku za kutouza maziwa zilizoandikwa huenda zisitoshe kwa mbuzi. Muulize daktari akutajie. Maliza dozi hata uvimbe ukiisha siku ya pili. Maziwa yenye dawa hayagandi mtindi vizuri, na mteja mwenye mzio wa penisilini yanaweza kumdhuru. Kuchemsha hakuondoi dawa hiyo, ingawa maziwa ya mbuzi yachemshwe siku zote kwa sababu ya ugonjwa wa kutupa mimba (brusela), ambao binadamu huupata pia.

Mbuzi aliyepoteza upande mmoja bado analea kitoto kimoja vizuri. Wa pili mpe chupa. Mwenye vinundu vigumu pande zote mbili anapokaushwa, siku 60 hivi kabla ya kuzaa tena, sioni faida ya kumpandisha baada ya uzao huo. Ukiamua kumuuza kwa nyama, asipelekwe machinjioni Vingunguti kabla siku za dawa hazijaisha. Kwenye kibandiko siku za nyama huandikwa kando na za maziwa.