Ukialikwa kuvua papa kule pwani: maswali ya kuuliza, na wakati wa kukataa

Bandugu wa Goma, kila vakansi kuko watu wetu wanashukaka Mombasa, Zanzibar ao Dar, wengine kufuata makontena, wengine juu ya ndoa ya ndugu, na ukifika tu pale beach kijana anakuja na simu anakuonyesha foto ya mgeni amekumbatia papa anacheka, anakwambia boti iko tayari, twende tukavue kwa mchezo halafu tunamwachilia, hakuna shida. Miye nilikubaliaka mara moja. Tulivuta papa mmoja mdogo, urefu kama hatua moja na nusu, tukamlaza ndani ya boti, na tulikuwa watu wanne, kila mutu na foto yake. Nilimpapasa: ukipeleka mkono kuelekea mkia ngozi ni laini, ukirudisha ni kama msasa. Kuko kangozi keupe kalikuwa kanafunika jicho lake, kanafunguka, kanafunika tena. Tulipomrudisha kwa maji hakuogelea, aligeuka tumbo juu akashuka polepole hadi hatukumuona tena, na nahodha akasema "ameenda". Hakuenda, alikufa, na nikalipa.

Ndiyo maana naandika hii, juu sisi wa huku hatupashwi kufundishwa na mutu kwamba mnyama hai anakulisha kuliko aliyekufa. Mwaka 2007 waliua ngagi (gorila) wa familia ya Rugendo kule Virunga, na watu wa vijiji walibeba ule mkubwa wao, Senkwekwe, juu ya miti iliyofungwa kwa kamba, wengi mabegani, kama wanabeba mutu. Kila mutu aliyekuwa anakula kupitia utalii alielewa siku ile nini imepotea: mlinzi, mpishi, mwenye kubeba mizigo, mama mwenye kuuza viazi pale njiani. Tena mgeni akienda kuona ngagi anavaa maski, anakaa mbali, saa moja ikiisha anatoka, hakuna mwenye kuuliza kama anaweza kumshika kidogo. Papa naye anazaa polepole kama ngagi. Aina nyingi zinapitisha miaka zaidi ya 10 mbele ya kuzaa mara ya kwanza, na watoto ni wachache, si kama sambaza, samaki wetu wadogo wa Kivu, zinazoanza kuzaa mbele hata ya kufikisha mwaka. Kule Palau, inchi ya visiwa vya Pasifiki, ya kwanza kufanya bahari yake yote kuwa hifadhi ya papa, mwaka 2009, watafiti walipiga hesabu wakaona papa mmoja hai wa pale watalii wanazamia anaingiza karibu dola 179,000 kwa mwaka, na akiuzwa amekufa ni karibu dola 108. Hesabu ya Palau si ya Kilwa, lakini unaona njia inaelekea wapi.

Kitu kimoja mbele sijaendelea: tafazali usichanganye hii na mvuvi wa pwani. Yule mzee mwenye ngalawa anavua papa akaushe na chumvi, auze sokoni, watu wapike na nazi, ni chakula chake kama vile mama wa soko la Kituku na bakuli yake ya sambaza. Ukifika kwake na hotuba wakati wewe mwenyewe umetoka kuchezea papa kwa foto, umemkosea heshima. Swali la hapa ni letu sisi wenye kulipa ili tufurahi.

Sasa namna ya kufanya. Anza na kuuliza kama unaweza kumuona bila ndoano, juu mara mingi inawezekana. Kisiwani Mafia, kuanzia karibu mwezi wa 10 hadi wa 3, kuko papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anakula vidudu na samaki wadogo wa majini, unaingia na maski ya kuogelea unamuangalia, humgusi, humkatii njia. Kwa miye hapo safari imeisha, sihitaji kingine.

Kama bado unataka kuvua, maswali yote uliza ukiwa kwa mchanga, juu ndani ya boti utakuwa umeshalipa na aibu itakufunga mdomo. Tunavua wapi? Watamu kwa mfano kuko hifadhi ya bahari tangu 1968 na ndani yake kuvua ni marufuku. Utamwaga damu na matumbo ya samaki ili kuwavuta? Kama ni karibu na pale watu wanaogelea ao wanazamia, kataa papo hapo, unafundisha papa kufuata boti na kesho mwingine ndiye ataumia, na papa akisingiziwa watamuua. Ndoano ni ya aina gani? Unataka ile ya duara, inayoshika pembeni mwa mdomo, haimezwi kirahisi, na iwe ya chuma chenye kushika kutu, si stenlesi, ili ikibaki iishe yenyewe. Kamba iwe nene. Kamba nyembamba watakwambia ndiyo tamu, mchezo unakuwa mrefu, lakini ule urefu ndio unaua: papa anapigana hadi damu yake inaharibika kwa uchovu, unamwachilia anaogelea kidogo, anakufia mbali na macho yako. Papa wa kichwa cha nyundo ndiye zaifu kabisa kwa hii mambo. Nahodha akikwambia leo tunafuata nyundo, shuka.

Akishashika, haraka. Asitoke majini hata kidogo, juu hana mifupa wala mbavu za kubeba uzito wake, ukimning'iniza ao ukimlaza kwa mbao vitu vya ndani vinapondeka. Hakuna kulabu, hakuna kumshika kwa mkia. Boti iende polepole ili maji yapite kwa mashavu yake, pale anapumulia, juu kuko papa ambao wasipotembea hawapumui vizuri. Ndoano kama inaonekana mnaitoa na koleo, kama ameimeza usivute, kata kamba karibu kabisa na mdomo, basi. Foto piga akiwa kwa maji, moja.

Meno na taya usinunue kubeba Goma. Nyundo wakubwa waliingizwa mwaka 2013 ndani ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama wa pori kati ya inchi, na mwaka 2022 kule Panama waliongeza familia nzima ya papa wanaoitwa requiem, kwa hiyo bila makaratasi mpaka unaweza kukusumbua, na yule aliyekuuzia atapata sababu ya kuua mwingine.

Halafu matabishi, yaani bakshishi. Hii wengi hawafikirie, lakini vijana wa boti wanamuinua papa juu hewani ju wamezoea mgeni akipata foto nzuri mkono unafunguka. Mbele injini haijawaka waambie wazi, bandugu, matabishi yangu nitatoa papa akiondoka mwenyewe na nguvu zake, hata kama sina foto. Taja na pesa kabisa, wasikie ni ngapi.