Kabla Mgeni Hajashuka Gatini

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyesema hivyo hakuwa akipangisha nyumba kwa usiku huku Shela, kisiwani Lamu, wala kumkabidhi funguo mtu anayemjua kwa picha ya simuni tu. Wageni wengi ni watu wazuri. Maandalizi haya ni kwa ajili ya yule mmoja.

Anza na pesa. Akisema "nishatuma", usiridhike na ujumbe anaokuonyesha, wala ulioingia kutoka nambari ya kawaida. Ujumbe wa kweli hubeba jina MPESA, na hata huo usikuzuie kupiga *334# kuangalia salio. Na aliyekuja kupitia Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, akikushauri mvunje nafasi aliyoweka huko ili akulipe mkononi kwa bei nafuu, kataa. Ukitoka nje ya Airbnb, huwezi kuwadai wao fidia.

Kisha rekodi video, kutoka mlangoni hadi juu kwenye makuti. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, na chokaa huliwa na chumvi na unyevu. Usiporekodi mapema hutajua kipi kimebanduka na kipi kimebanduliwa, na unaweza kumdhulumu mtu asiye na kosa. Ukikuta uharibifu, Airbnb hukupa siku 14 tangu mgeni aondoke uwasilishe dai lako. Sahani za bibi zilizo kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziondoe tu.

Anayenisumbua zaidi ni mgeni anayelala raha siku nne kisha, akifunga mizigo, anataka pesa irudi: maji hayakutoka, punda walimuamsha, hakuambiwa kuhusu adhana ya alfajiri. Basi mwambie yote kwenye tangazo lenyewe, pamoja na umeme kukatika. Fungua kila mfereji asubuhi ya siku anayofika, upige picha. Jioni ile muandikie: "Kila kitu kiko sawa?" Jibu lake lihifadhi. Airbnb humtaka mgeni aripoti tatizo ndani ya saa 72 tangu aligundue, kwa hiyo malalamiko ya siku ya mwisho kuhusu jambo la siku ya kwanza hayana nguvu.

Idadi ya watu haifichiki Lamu. Awe ametua kwa ndege Manda au ametokea bara kupitia Mokowe, lazima apande boti. Nahodha wangu hunipigia simu: "Umesema wanne? Mie nimebeba saba." Lakini bei ya kichwa cha ziada iwe imeandikwa kabla, sio kubishaniwa mlangoni huku mizigo ingali juu ya punda.

Kamera za ndani zisikushawishi. Airbnb ilizipiga marufuku tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata ukimjulisha mgeni, na kwetu ni aibu tupu. Nakala ya pasipoti yake nayo usiisambaze kwenye magrupu.

Mwisho, saa ya kuondoka. Panga ukaguzi saa moja kabla ya boti, mhesabu taulo na funguo pamoja naye. Na boti ya Manda mwambie utamuitia wewe.