Jinsi ya kuwatafuta Madruidi Uingereza bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Kila ukifika mwezi wa 6 zinaanza kuzunguka zile picha za wazungu wamevaa kanzu nyeupe wameyazunguka mawe ya Stonehenge (yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara kusini mwa Uingereza), na chini yake kuna maelezo eti hawa ni Madruidi, makuhani wa kale wa huku, wanaendeleza ibada yao ya maelfu ya miaka. Mimi naishi huku, kwahiyo ndugu na jamaa wakija kutembea wananiuliza tunawaona wapi hao watu. Jibu langu huwa linawakata stimu: msianzie Stonehenge. Ukianzia pale utaona kanzu, utasikia ngoma, afu utarudi nyumbani umechanganyikiwa kuliko ulivyoondoka.

Anzia kwa Warumi. Hamna jinsi, maana Madruidi wenyewe hawakuacha hata mstari mmoja wa mafundisho yao, na hawa ndo walikuwa makuhani, mahakimu na walimu wa Waselti, makabila ya kale ya Galia (Ufaransa ya leo), Uingereza na Ireland, yani watu wakubwa kabisa. Tafuta maelezo ya Julius Caesar, jenerali wa Kirumi, kuhusu vita vyake vya Galia, ruka mapigano yote nenda moja kwa moja kitabu cha 6, ni kurasa chache tu zinaisha kwa kikombe kimoja cha chai. Anasema Madruidi hawaendi vitani na hawalipi kodi, na vijana wanakimbilia kusoma kwao (hapo sishangai), na wengine wanakaa huko mpaka miaka 20 wakihifadhi mashairi kichwani. Kuandika walikuwa wanajua, mahesabu na mambo mengine ya kawaida waliyaandika kwa herufi za Kigiriki, ila elimu ya dini hapana. Caesar anahisi hawakutaka ifike kwa kila mtu, na pia waliogopa mwanafunzi akishategemea maandishi kumbukumbu inalala. Kama umewahi kukaa madrasa ukahifadhi juzuu hata moja utawaelewa haraka kuliko profesa wa Oxford.

Ila soma huku umekunja uso. Caesar ni mvamizi, anaandika kwa watu wa kwao Roma waone vita vyake vina maana, kwahiyo akikwambia Wagalia wanatengeneza masanamu makubwa ya matawi, wanayajaza watu hai na kuyachoma moto, jiulize hiyo habari inamsaidia nani. Na kuna kitu kinanichekesha: rafiki yake mkubwa kule Galia alikuwa anaitwa Diviciacus, Caesar anamtaja tena na tena lakini hasemi hata siku moja kwamba ni Druidi. Hilo tunalijua kwa Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma aliyekutana naye. Yani jamaa alikuwa na Druidi pembeni yake, akaamua kunyamaza.

Ukimaliza hapo msome Pliny, mwandishi wa Kirumi, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Huyu ndo katuachia ile picha ya kanzu nyeupe. Kuna mmea wa kimelea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, Waingereza wanauita mistletoe, na kuukuta kwenye mwaloni ni bahati kwelikweli. Basi ukionekana kwenye mwaloni, wanasubiri siku ya 6 ya mwezi, mwezi umeandama na umeanza kupata nguvu lakini haujafika nusu, wanaandaa karamu chini ya mti, wanaletwa mafahali wawili weupe ambao ndo mara ya kwanza wanafungwa pembe. Kuhani mwenye kanzu nyeupe anapanda juu, anaukata ule mmea kwa mundu wa dhahabu, wa chini wanaudaka kwa nguo nyeupe, kisha mafahali wanachinjwa kafara na watu wanaomba dua. Waliamini ukinywewa unampa uzazi mnyama tasa na unazuia sumu. Sasa fikiria mwenyewe, dhahabu ni laini, mundu wa dhahabu tupu unakata nini? Ndo maana wapo wanaosema pengine ulikuwa wa shaba unang'aa tu. Kila nguo nyeupe unayoiona kwenye picha za leo inarudi kwenye aya hiyo moja ya mtu mmoja.

Wa tatu ni Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, huyu soma pale jeshi la Suetonius Paulinus, gavana wa Kirumi wa Uingereza, linapovuka kwenda kisiwa cha Mona, mwaka 60 hivi. Askari wa Kirumi wanafika wanakuta wanawake wamevaa nguo nyeusi wanakimbia huku na huku na mienge, Madruidi wameinua mikono juu wanawalaani, na jeshi zima likaganda kama limepigwa ganzi. Mwisho wakajikaza, wakaua, wakakata misitu mitakatifu yote.

Mona ndo Anglesey ya leo, kaskazini ya Wales, na treni inafika. Lakini kabla ya kulipa nauli ujue cha kwenda kukitafuta. Mwaka 1942 wakati wa vita walikuwa wanatengeneza uwanja wa ndege za kijeshi pale Valley, wakachimba tope la bwawa dogo linaitwa Llyn Cerrig Bach, likatoka na mnyororo wa chuma. Wakaufunga kwenye trekta wakawa wanavutia malori yaliyokwama, na mnyororo ukahimili vizuri tu. Baadae wataalamu wakauona: kumbe ni mnyororo wa kufungia watumwa shingoni, una umri wa miaka kama 2,000. Zikatoka panga, mikuki, vipande vya magari ya vita ya kukokotwa na farasi, zaidi ya vitu 150 vilivyotupwa majini makusudi kama sadaka. Hivyo vitu viko chini ya makumbusho ya taifa ya Wales, kuingia ni bure, angalia tovuti yao kwanza ujue vimewekwa jengo lipi maana huwa wanahamisha. Kama uko London tu na huna muda, nenda British Museum umuone Lindow Man, mwili uliotolewa kwenye tope la Cheshire mwaka 1984, alipigwa kichwani, akanyongwa, akakatwa koo, na tumboni wakakuta chembe za chavua ya ule mmea wa Pliny. Wengine wanasema kafara, wengine wanasema chavua chache si ushahidi. Mimi nilisimama pale dakika 20 sikupata jibu.

Haya sasa nenda Stonehenge, na uende ukijua hivi: mawe yale makubwa yalisimamishwa miaka kama 2500 KK, yani kutoka hapo mpaka Caesar anatua Uingereza ni mbali zaidi kuliko kutoka Caesar mpaka sisi na simu zetu. Waliojenga hatujui hata walijiitaje. Habari ya kwamba ni hekalu la Madruidi iliota kwenye karne ya 17 na aliyeisambaza sana ni William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale, kwa kitabu chake cha 1740. Lakini usiku wa kuamkia jua la kiangazi, yani siku ndefu kuliko zote za mwaka, ni mtamu jamani, sikuzuii. Panafunguliwa jioni ya tarehe 20 Juni au karibu na hapo, kuingia bure, paking unalipia, na unaruhusiwa kuingia katikati ya mawe, kitu ambacho siku za kawaida huwezi maana unazungushwa nje ya kamba. Panda treni Waterloo mpaka Salisbury, saa moja na nusu hivi, pale kuna mabasi. Pombe marufuku, kupanda juu ya mawe marufuku. Vaa nguo nzito hata kama ni kiangazi, ule uwanda hauna huruma. Jua linatoka saa kumi na dakika 50 na kitu alfajiri, kama mawingu yakikubali.

Wenye kanzu utawakuta, na ni watu wakarimu, ongea nao kama unavyoongea na mtu wa dini yoyote, wengi wanakiri wenyewe kwamba njia yao ni mpya. Usiwakejeli.

Mwenye uwongo mtamu kuliko wote ni Iolo Morganwg, fundi mawe wa Wales aliyeghushi maandishi ya kale na mwaka 1792 akafanya sherehe ya "Madruidi" juu ya kilima cha Primrose Hill, London. Ile sherehe ikaja kuingizwa kwenye Eisteddfod, tamasha la ushairi la Wales la kila mwezi wa 8, na mpaka leo kuna Druidi mkuu na kanzu zake anayewatuza washairi. Nenda ukaone, mtu yeyote anayependa mashairi atajisikia nyumbani. Upanga unavutwa kidogo kutoka kwenye ala, Druidi mkuu anauliza mara tatu "A oes heddwch?", maana yake kuna amani?, na ukumbi mzima unajibu "Heddwch!" Usiogope kujibu, sisi tumependelewa: dd ni dh ya dhahabu, w hapo ni u, ch ni kh ya Khamis. Hedhukh. Waingereza kwenye viti vya pembeni yangu walikuwa wanahangaika na hiyo kh mpaka mwisho.